Siku Tuliyofunika Fomu

Kundi lile la mafunzo lilikuwa la watathmini wazoefu, watu wanaokwenda majumbani kwa wazee na watu wenye ulemavu kupima ni msaada gani unahitajika na kwa saa ngapi kwa wiki. Fomu waliijua vizuri. Kwa kuijua huko walikuwa wakiisoma kwa sauti, kisanduku baada ya kisanduku. Raundi ya kwanza niliwaacha wafanye hivyo hivyo, ili sote tusikie.

Walikaa watatu watatu: mhoji, mhojiwa na mwangalizi. Mhojiwa alipewa kadi yenye maisha ya mtu wa kubuni, pamoja na mambo mawili ambayo asingeyatoa mpaka aulizwe vizuri. Mahojiano dakika 15, mrejesho dakika 5, kisha wanabadilishana nafasi. Kadi niliyoifuatilia ilikuwa ya mzee aliyeteleza bafuni, na tangu hapo hujifuta kwa kitambaa tu, akiwa ameketi kitandani.

"Mzee, unaweza kuoga mwenyewe?"

"Naweza."

Alama ikawekwa: anajitegemea. Mzee hakudanganya. Mtu akiulizwa kama anaweza, heshima yake ndiyo hujibu kwanza. Nani apende kumwambia mgeni kwamba kuoga kumemshinda? Na swali la ndiyo au hapana likishajibiwa, hakuna pa kuendelea.

Raundi ya pili fomu zikafunikwa. Mhoji yule yule, mzee yule yule. Safari hii alijitambulisha, akaeleza amekuja kwa nini, mazungumzo yatachukua muda gani, nani atayaona majibu, kwamba mzee ana haki ya kukataa swali lolote, na kwamba yeye hawezi kuahidi huduma siku ile. Hilo la mwisho hurukwa mara nyingi, na likirukwa kila tabasamu la mtathmini hugeuka ahadi.

Kisha akasema, "Nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka." Mzee akasimulia mpaka kwenye maji ya uvuguvugu anayoletewa na binti yake. "Unaletewa chumbani," mhoji akarudia, akanyamaza. Zilipita sekunde chache, na kisa cha kuteleza kikatoka chenyewe. Ndani yake mlikuwa na majibu ya kuoga, kuvaa, kutoka kitandani na hofu ya kuanguka.

Mwangalizi alikuwa akihesabu vitu viwili tu: maswali, na mara ambazo mhoji alimrudishia mzee maneno yake au maana yake. Katika usaili wa kuhamasisha wa William Miller na Stephen Rollnick, yaani mbinu ya mazungumzo ya kumsaidia mtu aone mwenyewe sababu za kubadilika, kiwango kizuri ni kumrudishia mara mbili kwa kila swali moja. Kwa tathmini nilitaka mara moja kwa kila swali moja, kwa sababu yapo mambo ambayo ni lazima yaulizwe. Raundi ya kwanza hesabu ya kurudisha ilikuwa sifuri.

Mazungumzo nayo yana hatari yake. Kundi moja lilinogewa na habari za wajukuu hadi muda ukaisha, nusu ya fomu ikiwa tupu. Dawa yake ni kuibeba fomu kichwani kwa mafungu. Orodha ya shughuli za kujihudumia za kila siku, ya Sidney Katz na wenzake ya mwaka 1963, hufaa sana kwa kazi hii: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Sita zinashikika. Ukisikiliza simulizi, unajua ipi haijaguswa, na hiyo unaiuliza wazi baada ya kumpa mtu muhtasari wa ulichosikia. Suala la haja huja mwishoni, kwa sauti ile ile ya kawaida, ukitanguliza sababu ya kuuliza. Kuliacha kwa kuona haya ni kumnyima mtu msaada.

Baadaye nilimwingiza binti, akawa anamjibia baba yake kila kitu. Mhoji alisogeza kiti, akamwelekea mzee: "Dada, nitakaa na wewe pia baada ya hapa. Sasa naomba nimsikie baba." Na ni lazima akae naye kweli, kwani mlezi ndiye aonaye ya usiku. Maelezo yao yakipingana, yote mawili yanaandikwa, kila moja kwa jina la msemaji.

Mwishowe fomu zikafunuliwa, kila mmoja akajaza peke yake. Kwa kuoga, mhoji aliandika "anahitaji kusimamiwa", mwangalizi "anahitaji kusaidiwa kwa mikono". Sikuruhusu wapige kura. Niliwauliza: mzee alisema nani humsugua mgongo na miguu? Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wakamrudia: "Siku binti asipokuwepo, inakuwaje?"

"Siku hiyo sijifuti. Mikono haifiki."

Wote wawili wakaandika msaada wa mikono, na maneno ya mzee wakayanakili kama alivyoyasema kwenye nafasi ya maelezo, ili atakayepanga saa za huduma aone alama ile imetoka wapi.