Kidole juu ya fomula

"Mwalimu, mbona f iko pande zote mbili?" Swali hilo la mwanafunzi lilinirudisha kwenye meza ya mhandisi mzee aliyenifundisha kukokotoa mabomba. Mengi ya kipindi kile yamefifia, ila karatasi ile naiona hadi leo:

1/√f = −2 log (ε/3.7D + 2.51/(Re√f))

Fomula ya Colebrook, ya mwaka 1939, ya kutafuta f, yaani kigezo cha msuguano wa maji ndani ya bomba. D ni kipenyo cha bomba, na Re ni namba ya Reynolds, inayolinganisha mwendo wa maji na mnato wake. Mzee akaziba kwa kidole sehemu ya pili ndani ya mabano. "Soma kilichobaki." Namba ya Reynolds haikuwepo tena: hiyo ni sheria ya bomba linaloparuza, ambayo mtafiti Nikuradse aliichapisha 1933 baada ya kubandika mchanga ndani ya mabomba. Akahamisha kidole kwenye sehemu ya kwanza. Sasa vinundu vya ukuta, yaani ε, vimetoweka, umebaki mnato: sheria ya bomba laini. Colebrook alizijumlisha ndani ya logi moja, kwa kuwa vinundu vya mabomba ya kiwandani havilingani, na msuguano wake hubadilika polepole kutoka sheria moja hadi nyingine.

Kisha akanipa kazi. Bomba la chuma la milimita 100, maji ya nyuzi 20 yakienda mita 2 kwa sekunde, ε milimita 0.045. Re ni karibu 200,000. Kwa kuwa f iko pande zote mbili, unaanza kwa kukisia: weka f = 0.02 upande wa kulia, inatoka 0.01849. Irudishe: 0.01856. Irudishe tena: haisogei. Kila mita 100 za bomba hula mita 3.78 za kimo cha maji.

Sehemu mbili za mabano zilikuwa 0.000122 na 0.000092. Zinakaribiana, kwa hiyo hakuna ya kupuuza. Fomula ya Blasius, 0.316/Re^0.25, ingetoa 0.0149, maana ni ya bomba laini, tena kwa Re isiyozidi 100,000. Fomula ya Swamee na Jain (1976), isiyohitaji kurudiwa, inatoa 0.0187 kwa hatua moja, na kwa kazi nyingi naona inatosha. Ila hakikisha f ya kitabu chako ni ya nani: ya Fanning ni robo ya hii ya Darcy.

Nilimwuliza mzee kwa nini kujumlisha tu kunafaa. "Vipimo vinakubali," akasema. Nadharia inayolazimisha zijumlishwe hivyo sijakutana nayo bado. Na bomba likishaota kutu, ile 0.045 haifai tena. Hapo napima upotevu wa shinikizo kwenye bomba lenyewe, natafuta f, kisha nairudia fomula kinyumenyume hadi nipate ε.