Tulivyopitia mitaala ya uhandisi bila kujifungia hotelini

Nilipokabidhiwa kuratibu mapitio ya mitaala kwenye shule yetu ya uhandisi, profesa mmoja ninayemheshimu aliniita pembeni. "Dokta, usitangaze chochote mpaka seneti ya chuo ipitishe. Ukiwaambia watu mapema, kila mtu atalinda somo lake." Ushauri huo bado unatolewa vyuoni kwa nia njema kabisa, na mimi nasema ni mbaya.

Mapitio yaliyotangulia yalifuata njia hiyo. Wakuu wa idara na watu wachache walikwenda kujifungia hotelini Morogoro. Zikatumika fedha za kutosha, mamilioni kadhaa ukijumlisha ukumbi, posho na mafuta ya magari, wakarudi na majalada manene. Sisi wengine tuliyaona muhula ulipofunguliwa. Masomo mengi yalikuwa yaleyale, yamebadilishwa majina na kupewa namba mpya. Lililoniuma zaidi ni maabara. Mtaala ulidai mazoezi ambayo vifaa vyake hatukuwa navyo, na mafundi sanifu wanaozishika maabara hizo kila siku hawakuulizwa hata neno moja. Wanafunzi wakawa wanasoma majaribio ubaoni. Mhandisi hafundishwi hivyo.

Nchi nayo haikutusubiri. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria mwaka 2024, na mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, tisa ya megawati 235 kila mmoja, ikawa inawashwa mmoja baada ya mwingine. Mtaala wetu wa umeme haukuwa na mada hata moja ya njia za umeme za reli.

Kwa hiyo nilimwomba amidi, mkuu wa shule yetu, kitu kimoja: kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, uongozi utoe taarifa ya ukurasa mmoja. Juu, yaliyoamuliwa. Katikati, yanayojadiliwa. Chini, tarehe ya mwisho ya kuleta hoja, na hoja apelekewe nani. Alikubali, akaongeza jambo ambalo sikuliwaza, na ndilo lililotubeba: pendekezo likikataliwa, sababu iandikwe kwenye taarifa hiyohiyo. Taarifa ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi na kubandikwa kwenye milango ya maabara.

Mwanzoni walijibu wachache. Kisha ikatoka taarifa iliyoeleza kwa nini ombi la idara moja la kuongeza somo limekataliwa, na kwamba mlango uko wazi hadi Jumatano. Jumatatu asubuhi ofisi yangu ilikuwa imejaa. Ndiyo, watu walikuja kulinda masomo yao, kama profesa alivyotabiri. Lakini walikuja na hoja zilizoandikwa, wiki nyingi kabla ya seneti, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Hoja mbili kati ya hizo zilikuwa na nguvu, na uamuzi ukabadilishwa. Taarifa iliyofuata ilisema wazi kwamba umebadilishwa na kwa nini. Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumkumbusha mtu asome.

Sasa niwaeleze kuhusu jedwali, maana hilo najivunia.

Tulichukua sifa 11 za mhitimu (toleo la 2021) zinazotumiwa na nchi za Mkataba wa Washington, ambazo zinatambuana shahada za uhandisi: uchambuzi wa matatizo, usanifu, maadili, mawasiliano, usimamizi wa miradi na nyinginezo. Kawaida kila mwalimu hupewa fomu aweke alama ya vema pale somo lake linapogusa sifa fulani. Fomu zikirudi, kila somo linagusa kila kitu. Hidroliki inafundisha maadili, Nguvu za Vifaa inafundisha kazi ya pamoja. Karatasi inapendeza, lakini haikuambii lolote.

Mimi niliunganisha karatasi za manila, nikachora jedwali kubwa na kulibandika ukutani kwenye chumba cha chai. Masomo kwenye mistari, sifa 11 kwenye safu. Sharti lilikuwa moja: huweki vema mpaka ubandike hapohapo swali la mtihani au la kazi ya mradi ulilowahi kuwapa wanafunzi, linalopima sifa hiyo. Ahadi hazikupokelewa.

Kwa siku kadhaa ukuta ule ulikuwa mahali penye mjadala mkali kuliko kikao chochote nilichowahi kuhudhuria. Walimu walisimama na vikombe mkononi wakisomana maswali. "Hili si usanifu, Mwalimu, umempa vipimo vyote, amekokotoa tu." Mwenye swali akaliondoa mwenyewe, na kesho yake akaja na jingine bora zaidi. Safu za hesabu na uchambuzi zilijaa hadi karatasi zikapandana. Safu ya mawasiliano ilibaki karibu nyeupe, na ya usimamizi wa miradi na fedha vilevile. Hayo ndiyo waajiri walikuwa wakituambia miaka yote: vijana wenu wanakokotoa vizuri, lakini mpe aandike ripoti ya eneo la kazi uone. Safari hii hatukuweza kubishana, maana ushahidi ulikuwa ukutani kwa mikono yetu wenyewe.

Jedwali hilo pia ndilo lililotuokoa kwenye krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka minne ni 480. Idara zote zilikuwa zimevuka. Kupunguza somo la mwenzako bila ugomvi ni kazi ngumu, lakini masomo matatu yakionekana ukutani yanapima kitu kilekile kwa maswali yanayofanana, wenyewe walikaa wakayaunganisha. Nafasi iliyopatikana ikaenda kwenye uandishi wa ripoti za kihandisi na mada za reli ya umeme.

Wadau wa nje tuliwapitia kwa kawaida yake, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi msiiache mwishoni, kwa sababu mhitimu wenu ataomba usajili huko. Seneti ilipitisha kwa marekebisho madogo. Hakuna mwalimu aliyesimama kusema hakushirikishwa.

Mnaoanza sasa, ombeni mitihani ya miaka ya nyuma ofisi ya mitihani mapema, kwani kuipata kunachukua muda kuliko mnavyodhani. Fundi sanifu wa kila maabara awe mjumbe kamili wa kamati, mwenye kauli juu ya kila zoezi linaloandikwa. Gharama yetu ilikuwa manila, gundi, kalamu na chai, labda elfu themanini hivi. Amidi ameendelea kutoa ukurasa wake wa Ijumaa, na sasa unahusu ununuzi wa vifaa vya maabara.