Zizi la usiku: nilivyolijenga dhidi ya fisi, chui na simba

Fisi, chui na simba hawaingii zizini kwa njia moja, na langu nimelijenga kwa kuwafikiria wote watatu. Fisi hutafuta uwazi chini ya uzio au lango legevu. Chui huruka au hupanda. Simba mara nyingi hahitaji hata kuingia: ng'ombe wakishanusa harufu yake wanapagawa, wanabomoa uzio wenyewe na kumwagika gizani anakowasubiri.

Kwa hiyo uzio lazima kwanza uhimili ng'ombe wanaosukuma kutoka ndani. Nguzo nazichimbia sentimita 60, zikiachana mita 2. Wavu wa chuma wa kimo cha mita 2 naufunga upande wa ndani wa nguzo. Ng'ombe wakiusukuma unaegemea nguzo. Ukifungwa kwa nje, misumari inang'oka. Chini nauzidisha sentimita 30, nazilaza kuelekea nje, nazifukia na kupanga mawe juu, maana fisi huanza kuchimba palepale ukingoni. Kisha kwa nje naweka matawi ya mgunga, mashina yakitazama ndani, miba nje. Yakikauka hushuka na kuacha wavu wazi kwa juu, basi naongeza mengine.

Lango ndilo linaloponza mazizi mengi. Langu linafunguka kuelekea ndani, ng'ombe wakilisukuma wanazidi kulibana kwenye fremu. Lina komeo juu na chini, na chini yake nimezika gogo ili pasibaki hata upenyo wa ngumi.

Mbuzi na ndama wana chumba chao katikati, kimefunikwa wavu juu kwa sababu ya chui. Ng'ombe akizaa, kondo la nyuma naliondoa mara moja na kulifukia mbali. Harufu yake huwaita fisi.

Mchana ni habari nyingine. Katika delta ya Okavango, Botswana, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia ng'ombe waliochorwa macho makubwa matakoni. Kwa miaka 4 hakuna hata mmoja wao aliyeuawa na simba wala chui, ilhali wasiochorwa chochote katika makundi hayohayo waliuawa 15. Naliamini jambo hili, kwa sababu mvizia akijua ameonekana huacha. Kwa fisi silitegemei, yeye hukimbiza waziwazi.

Jioni nawahesabu wakipita langoni mmoja mmoja. Aliyepungua anatafutwa kabla giza halijaingia, hasa akiwa mchechemeaji au mwenye mimba kubwa.