Treni ya Buffalo, Desemba Inapoisha

Jumamosi ya Desemba 28, 2024, treni ya Buffalo ilitoka New York imejaa jezi za buluu na nyekundu. Ukikaa upande wa kushoto unaambaa na mto Hudson karibu mpaka Albany, na mimi nilikuwa nimejipangia kutazama mto tu, nile karanga zangu, nisinzie. Wapi! Mzee wa pembeni yangu, kofia ya Bills, timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo, kaishusha mpaka masikioni, aliniuliza kwetu ni wapi, na sijamaliza kusema Kigoma, ameshaanza kunieleza jinsi Krismasi yake ilivyoharibika.

Siku ya Krismasi Kansas City Chiefs waliwafunga Pittsburgh 29-10, na kwa ushindi huo wakajihakikishia nafasi ya kwanza upande wa AFC, ambao ndio upande wa Bills pia. Ligi hii ya mpira wa Kimarekani ina timu 32, zimegawanywa pande mbili, na kila upande unaingiza timu saba kwenye mtoano. Wa kwanza peke yake ndiye anayepumzika wiki ya kwanza, halafu mechi zote za kabla ya Super Bowl, yaani fainali, anazichezea kwake. Hakuna marudiano. Shabiki wa Simba au Yanga akifungwa ugenini Afrika bado ana wiki nzima ya kujipa moyo kwamba Kwa Mkapa hatoki mtu. Hawa wakifungwa leo, kesho wanafungasha virago.

Kwa hiyo ubishi wa behewa zima ulikuwa juu ya nafasi ya pili. Bills wakiwafunga New York Jets Jumapili, nafasi ni yao, na Baltimore Ravens wakitaka lolote itabidi wapande kuja kwenye baridi ya Buffalo. Mzee alikuwa na hesabu zote kichwani. Kijana wa kiti cha mbele akageuka kumpinga: Ravens waache waje au wasije, mwisho wa safari ni Kansas City tu. Hapo watu wakanyamaza kidogo, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Nilichokielewa kati ya Poughkeepsie na Utica ni kwamba watu hawa hawazungumzi mechi ijayo. Wanazungumza zilizopita. Januari 1991, Super Bowl kule Tampa, Scott Norwood wa Bills alipiga teke la yadi 47 likapita kulia mwa goli, Bills wakalala 20-19 kwa Giants. Wakarudi fainali miaka mingine mitatu mfululizo, wakafungwa yote. Kisha Januari 2022, Kansas City: Bills wanaongoza 36-33, zimebaki sekunde 13. Sekunde 13! Patrick Mahomes wa Chiefs akasogeza mpira mara mbili, mwenzake Harrison Butker akapiga teke la kusawazisha, na muda wa nyongeza Josh Allen, mrushaji wa Bills, hakuugusa mpira hata mara moja, maana shilingi ilirushwa ikawaangukia Chiefs, wakafunga na mechi ikaishia hapo. Mwaka uleule kanuni ya mtoano ilibadilishwa ili kila timu ipate zamu ya kushika mpira. Mzee alilisema hilo kama mtu aliyelipwa fidia baada ya nyumba kuungua. Januari 2024 Chiefs wakaja hapohapo Buffalo wakashinda 27-24, na teke la kusawazisha la Tyler Bass wa Bills likapita wapi? Kulia.

Ng'ambo ya kijia alikaa mama mwenye jezi ya kijani ya Jets, kimya tangu New York. Hapo akacheka. “Nyinyi angalau mna pa kwenda kulia,” alisema. Jets hawajaonja mtoano tangu msimu wa 2010. Na wala si timu ya jimbo la New York kwa maana ya uwanja: wao na Giants wanachezea New Jersey, kwenye uwanja uliopangiwa fainali ya Kombe la Dunia la 2026. Yenye uwanja ndani ya jimbo ni Bills pekee, na watu wa Buffalo watakukumbusha hata usipouliza.

Dada yangu anaishi West Side, si mbali na Grant Street, mtaa ambao Kiswahili cha Kongo na Burundi unakisikia dukani na kituo cha basi. Mumewe ni Mbembe wa Fizi, Kongo, aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu. “Shemeji,” aliniambia tukila sombe, “minasikia kila mwaka banasema ni mwaka yetu.” Mwanawe akainuka mezani kwa hasira. Huyo mpwa wangu amezaliwa hapa, na Bills ameirithi kwa walimu na majirani, pamoja na huzuni zake zote.

Jumapili shemeji alitupeleka Orchard Park, uliko uwanja wa Bills, tukaegesha uani kwa mtu, maana wenyeji wa barabara za pale hukodisha nyasi zao siku ya mechi. Asubuhi yote ni moshi wa nyama na mabawa ya kuku. Nikaiona kwa macho ile habari ya mashabiki wa Bills kuvunja meza: jamaa mnene kapanda nyuma ya pikapu, watu wanahesabu, akajirusha chali juu ya meza ya kukunja ya plastiki, miguu ya meza ikatawanyika pande nne, naye akainuka na bia yake haijamwagika. Mpwa wangu hakutazama hata mara mbili.

Yeye alikuwa ananionyesha ng'ambo ya Abbott Road, nondo na vyuma vya uwanja mpya uliokusudiwa kufunguliwa 2026. Haukupangiwa paa la kufunika kiwanja. Wenye umri wa shemeji wanaona huo ni wazimu. Mpwa wangu anasema baridi ni mchezaji wao wa ziada. Mimi, vidole vikiwa vimekufa ganzi ndani ya glovu, nilimuunga mkono shemeji.

Mechi yenyewe haikuwa na ubishi: 40-14. Nafasi ya pili ikapatikana, na Januari mambo yakaenda kama mzee wa treni alivyohesabu. Denver wakafungwa 31-7. Ravens wakaja Orchard Park wakafungwa 27-25, baada ya Mark Andrews kuuangusha mpira ambao ungesawazisha. Halafu Januari 26, Kansas City, 32-29.

Usiku ule mpwa wangu alinipigia simu kuhusu lile jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kabla ya kupoteza mpira, Allen akihitaji yadi moja, waamuzi wakasema hakufika. Akanitumia video ya upande mmoja, ikafuata ya upande wa pili, kisha ya tatu ambayo kwa kweli haionyeshi kitu zaidi ya migongo ya watu.