Uhasibu juu ya sayansi ya chakula: nilivyochagua fani yangu ndogo

Nasoma sayansi ya chakula katika chuo kikuu cha serikali huku Marekani, kwenye majimbo ya mahindi na soya. Shahada ya hapa kwa kawaida ni krediti 120, na ukijipanga zinabaki nafasi za kuongeza fani ndogo, ambayo mara nyingi ni kozi tano au sita. Yangu nilitaka iwe ya biashara. Baba mdogo ana mashine ya kukamua alizeti Singida, na sikutaka kurudi bingwa wa maabara asiyejua pesa zinapotelea wapi.

Wenzangu wengi walikimbilia ujasiriamali. Mimi nilifungua kwanza orodha ya kozi, maana jina la fani halikuambii kitu. Nikakuta kuandika mpango wa biashara, kuutetea mbele ya majaji, na kazi za vikundi zisizoisha. Masoko yalinivutia kidogo, ila mifano yake ilikuwa ya supamaketi na matangazo ya mtandaoni, wakati mafuta ya kwetu yanauzwa kwa madumu kando ya barabara kuu.

Kozi iliyonikamata ilikuwa ya uhasibu wa gharama. Ndani yake kuna mada ya bidhaa zinazotoka pamoja kwenye malighafi moja, na mimi nikaona gunia la alizeti. Linatoa mafuta na linatoa mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua. Gharama ya alizeti na umeme ibebwe na nani? Kwa uzito mashudu huzidi mafuta, kwa hiyo ukigawa kwa kilo, mashudu yanaweza kuonekana hasara tupu. Ukigawa kwa thamani ya mauzo, hesabu inageuka. Nikampigia.

"Shikamoo baba mdogo. Mashudu unauza bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Hayo? Wafugaji wanakuja, tunaelewana tu."

Basi, uhasibu.

Mshauri wangu wa masomo alinionya jambo moja la maana: kozi hizi zimefungana kama mnyororo. Huingii uhasibu wa gharama bila uhasibu wa menejimenti, na huo hauingii bila uhasibu wa fedha. Anayesubiri mwaka wa mwisho ndipo aanze, muda haumtoshi. Bahati nzuri, takwimu niliyoisoma kwa ajili ya fani kuu ilihesabika na huku pia, nikaokoa ada ya kozi nzima.

Kwa sisi wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, kuna la kuongeza. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ni miezi 12, na nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi hutazama fani kuu. Fani ndogo haikuongezei hata siku moja, kwa hiyo usiichague kwa hesabu hiyo. Wala haikufanyi kuwa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni. Wanaoitaka hiyo husoma kozi za uhasibu nyingi zaidi.

Nafasi ya kozi ya mwisho ya fani ndogo ilikuwa kati ya kodi na mifumo ya taarifa za uhasibu. Profesa wa kodi anasifiwa sana, lakini sheria anazofundisha ni za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, na mashine ya baba mdogo inakaguliwa na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania. Nikachukua mifumo.