Gombo likiungua, linaandikwa tena

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimepanga neno jingine kabisa, ila tangu turudi kule kwa wenzetu waliopatwa na mafuriko sijaweza kuwaza kitu kingine, kwa hiyo mniwie radhi nianzie huko huko.

Tulienda na vijana wa ushirika wa wanafunzi, tumebeba mablanketi, nguo na sabuni. Shule yao ndo imegeuka kambi, familia zinalala madarasani, madawati yamerundikwa nje ukutani, yaani hata maji yakikauka leo masomo hayana pa kuanzia. Nyuma ya darasa moja nikamkuta binti ameanika madaftari juu ya bati, kila moja limefunguliwa katikati na kijiwe juu yake. Nikainama kuangalia. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, umebaki wingu la bluu tu, lakini vilivyochorwa kwa penseli havijaguswa. Kulikuwa na mchoro wa moyo wa binadamu, mzuri kweli, mishale imetoka pande zote na mwisho wa kila mshale hakuna neno. Na mwaka huu ana mtihani wa mwisho. Hakuniomba blanketi jamani, aliniuliza tu, "Dada, kuna aliyesoma bayolojia kati yenu?"

Kabla hatujaondoka nyumbani mzee mmoja alikuwa ameniambia, "Mwanangu, watu hawana pa kulala, nyie mnawaza shule?" Mzee ana hoja, na wala sikumbishia. Ila nilipofika kwenye lile bati nikamkumbuka Paulo. Yuko kifungoni, wengi wamemwacha, baridi inakaribia, anamwandikia Timotheo amletee joho alilomwachia Karpo kule Troa, halafu sentensi hiyo hiyo anaongeza na vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Mtu anayejua kabisa kwamba siku zake zimekwisha! Joho na vitabu, kwa pumzi moja. Sijui kwa nini sisi tukisaidia tunaona lazima kimoja kisubiri kingine, mpaka miezi inapita, na mtoto akikaa nje ya darasa miezi mingi kurudi inakuwa kazi, mwingine kashaanza vibarua, mwingine kaozeshwa, hapo hata ukileta begi jipya umechelewa.

Basi kijana wetu mmoja wa mwaka wa pili akakaa chini pale pale na yule binti, wakaanza kujaza majina kwenye mishale, binti anataja anayokumbuka, kijana anaongezea aliyosahau. Mi nilisimama pembeni machozi yananilenga. Maana hiyo picha ipo kwenye Biblia, Yeremia 36. Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, anakaa anaandika maneno yanayotoka kinywani mwake, gombo zima, yaani kitabu cha kukunja, kazi ya mkono. Linafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu, kaketi mbele ya moto, kila kurasa tatu nne zikisomwa anazikata kwa kisu na kutupa motoni mpaka limeisha lote. Hebu jiweke kwenye nafasi ya Baruku. Bwana hakumwambia basi imetoka hiyo, alimwambia Yeremia atwae gombo jingine, na Baruku akaandika upya yote yaliyoungua, tena mstari wa 32 unasema yakaongezwa maneno mengine mengi kama yale.

Na nyie wanafunzi mnaosoma hapa, samahani nitasema wazi, wengi wetu tuna madaftari makavu yamejaa kabatini na hatujayafungua tangu muhula uanze. Yule binti anaokoa ukurasa mmoja mmoja kwa kijiwe. Nilirudi nikayatoa ya kwangu nikakaa nayo usiku, sikulala mapema.

Sasa tumekubaliana hivi. Mabinti na vijana waliopoteza notsi tumewaorodhesha kwa masomo, na waliopoteza vyeti tunawasaidia kuandika barua za kuomba vingine. Jumamosi baada ya maombi tunanakili. Bayolojia na historia zimeshapata watu, kemia anaifanya dada mmoja peke yake na ameshaanza kuchoka mkono, fizikia haina mtu kabisa. Kama mwandiko wako unasomeka, njoo. Michoro chora kwa penseli.