Kuzunguka Ulenge kwa mitumbwi: tazama mwezi kabla ya kupanga siku

Vikundi vingi hupanga safari ya kisiwa cha Ulenge, Tanga, kwa kalenda ya ofisini: Jumamosi, saa tatu asubuhi, kila mtu na chakula chake. Jumamosi hiyo ikiangukia bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa nne maji ya Tanga yameshakupwa na mnaburuta mitumbwi topeni.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa hiyo siku ya tano na ya sita ya mwezi mwandamo, au ya ishirini na ya ishirini na moja, hujaa kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi. Shikeni siku hizo. Bamvua imelegea, mkondo si mkali, na bado maji yanaingia mikokoni. Yakiwa maji mafu kabisa, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, vijito vya ndani havijai. Hakikisheni saa kwenye jedwali la maji.

Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua kupwa kwa mita 3.6: saa ya kwanza hushuka sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja. Ile saa ya kwanza ndiyo inayowadanganya watu, wanakaa kupiga picha wakidhani maji yapo.

Ondokeni muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa. Pigeni kafi upande wa nje kwanza, maji yakiwa bado yanaingia. Yakianza kutoka ghubani na kukutana na upepo wa kusi, mawimbi husimama, mafupi na makali, na mtumbwi mwembamba hujaa maji kutoka ubavuni. Upande wa mikoko uwe wa mwisho. Jani lililoanguka likisimama kando ya mzizi bila kwenda popote, maji yamefika kikomo. Geuzeni ndani ya nusu saa.

Humo mikokoni msijivute kwa kushika mizizi. Imevaa chaza, na kiganja huchanika vibaya. Tumieni upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Watu wanane, mitumbwi minne. Anayeujua mkondo atangulie, mwenye nguvu afunge nyuma, na asiwepo wa kupotea machoni pa mwenzake. Kila mtumbwi uwe na kafi la akiba, kopo la kukumbia maji na kamba ya mita 10. Kila mtu maboya yake mwilini, maji ya kunywa lita 3, na viatu vilivyofunikwa vidole. Ulenge ni eneo tengefu: kibali kikatwe mapema, na hakivuliwi wala hakiokotwi kitu, hata kombe tupu.

Mkikwama, wa mbele arudi nyuma ili omo, yaani pua ya mtumbwi, inyanyuke, kisha sukumeni kwa upondo kurudi mlikotoka. Asishuke mtu kusukuma. Tope la mikoko humeza mguu hadi gotini, na anayeuvuta kwa pupa hupindua mtumbwi. Maji yakiwaacha muda wa saa mbili baada ya kujaa, kina kile kile kitarudi baada ya zaidi ya saa nane. Kaeni ndani, jifunikeni jua, gaweni maji ya kunywa tangu mwanzo, na mpigieni simu aliyebaki pwani.